Chuma Kisichomjua Mwenyewe: Ndege za MiG katika Vita vya Kagera

Ndugu wasomaji wetu wa pwani, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nyinyi mlivisikia zaidi katika redio. Huku Shinyanga na Geita ndiko kulikokuwa njiani. Reli itokayo Tabora hupita Shinyanga ikaishia Mwanza, na aliyetaka kwenda Bukoba kwa barabara alivuka maji ya Busisi kwa kivuko, akapita Sengerema, Geita na Biharamulo. Geita zama zile ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na Mwanza ndiko kulikokuwa na uwanja wa ndege zetu za kivita. Nyimbo za ushindi tunazijua sote. Khabari za ndege zenyewe hazisimuliwi sana, na khasa msiba wa Musoma.

Ndege hizo ni MiG, jina lililotokana na mafundi wawili wa Kisovieti, Mikoyan na Gurevich. Ile ya namba 21 iliingia kazini mwaka 1959, na zimeundwa zaidi ya 10,000. Mwendo wake hufika mara mbili ya mwendo wa sauti. Lakini iliundwa kupanda juu upesi na kuzuia ndege za adui, si kubeba mzigo mzito wala kwenda mbali, maana mafuta yake ni ya muda mfupi. Uganda ilizipata kwa Warusi, na Tanzania nayo ilikuwa na ndege za ukoo huo huo. Hilo msomaji aliweke akilini.

Hasara kubwa ya kwanza ya MiG za Uganda haikutokea angani. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israel waliovamia Entebbe kuwatoa mateka waliziharibu MiG kadhaa zikiwa zimeegeshwa chini. Zilizobaki ndizo Idi Amin alizozituma kwetu. Tarehe 10 Oktoba 1978 zilipiga msitu wa Minziro, na tarehe 18 zikapiga Bukoba. Uharibifu ulikuwa mdogo, ila vioo vilipasuka kwa mshindo na watu wakaingiwa na hofu kubwa. Mwishoni mwa mwezi ule askari wetu walitungua MiG moja ya Uganda, rubani wake akaruka kwa mwavuli.

Kisha ukaja msiba wenyewe. Katika siku hizo za mwanzo wa vita, MiG tatu za Tanzania zilipita juu ya Musoma, na walinzi wa chini, wakidhani ni za Amin, wakazitungua zote. Marubani wetu wakafa kwa mikono ya ndugu zao. Ukitazama kutoka chini, ndege za ukoo mmoja zina umbo moja, mbio moja, mngurumo mmoja. Na kombora lifuatalo joto la injini halisomi rangi ya bendera. Sisi madrasani tunamfundisha mtoto kuihakikisha khabari kabla ya kuitenda, na mtoto huona ni jambo jepesi. Basi mlinzi yule alikuwa na sekunde ngapi? Mimi simlaumu aliyefyatua. Neno lililopasa kumfikia kabla ya ndege kufika ndilo lililokuwa na kazi ya kuokoa roho zile.

Wakati huo huo Waganda walitaka kulivunja daraja la Kyaka. Ndege zao zikajaribu zikashindwa kulipiga. Mwisho akaletwa fundi wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, na tarehe 3 Novemba daraja likaanguka. Wazee wa Geita, ambao mgodi wao wa dhahabu wa enzi ya ukoloni ulifungwa mwaka 1966, hawatalistaajabia hilo. Kazi ya baruti wanaijua.

Wako waliotaka kuwaaminisha watu kwamba vile vilikuwa vita vya dini, kwa kuwa Gaddafi wa Libya alimsaidia Amin. Tarehe 29 Machi 1979 dege kubwa la Libya, Tupolev 22, lilikuja kuyapiga matangi ya mafuta ya Mwanza, mji wenye misikiti na Waislamu wengi. Yangeungua matangi yale, moto ungemuuliza nani dini yake? Bomu likakosea shabaha, likaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Mfanyakazi mmoja aliumia kidogo, na swala kadhaa wakafa. Ndege zetu zikajibu kwa kupiga Kampala, Jinja na Tororo.

Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, na Kampala tarehe 11. MiG za Uganda zilizokutwa nzima uwanjani Entebbe zilichukuliwa ngawira, zikapelekwa Mwanza, ng'ambo ya ghuba kutoka upande wa Geita. Zile tatu za Musoma hazikurudi.