Kalemie: Kwa nini nyanya zinapasuka wakati wa mvua, na namna ya kuzikinga

Mjini Kalemie na pembeni yake, mvua zinaanza kawaida mwezi wa 10 na zinaendelea mpaka mwezi wa 4 ao wa 5. Katika miezi hiyo nyanya, ao tomati kama wengi wanavyosema, zinakuwa chache sokoni na bei yake inapanda. Mkulima mwenye bustani karibu na mto Lukuga ao pembeni ya ziwa anajua kwamba huo ndio wakati wa kupata feza. Lakini mara mingi inatokea hivi: jioni matunda ni mazima, usiku mvua kubwa inanyesha, asubuhi mama anafika bustanini na kukuta nyanya zilizoanza kuiva zimepasuka.

Hasara yake si ndogo. Tuchukue mfano wa mtu anayechuma basina 10. Kama 3 kati yake zimepasuka, hizo 3 atauzisha kwa bei ya chini ao hatauzisha kabisa. Na kama amezichanganya na nzima, maji yanayotoka yanaozesha na zingine, na mnunuzi anashusha bei ya basina zote 10. Kwa yule aliyekopa feza ya mbegu ao anayesubiri mavuno ili alipe masomo ya watoto, usiku mmoja wa mvua unaweza kuharibu hesabu yote.

Wengi wanasema tu: mvua ndiyo imeharibu, hakuna la kufanya. Kwa kweli mvua peke yake si sababu yote, na kuna mambo mkulima anaweza kufanya mbele ya mvua kufika.

Tunda linapasuka namna gani?

Nyanya ina maji mengi sana: katika kila gramu 100 za tunda, gramu 94 hivi ni maji. Wakati tunda lingali bichi na linakua, ganda lake linakua pamoja nalo. Linapoanza kubadili rangi, ganda halinyooki tena vizuri.

Sasa, kama udongo ulikauka siku kadhaa kisha mvua kubwa ikanyesha, mizizi inanyonya maji mengi kwa mara moja. Maji yanapanda mpaka ndani ya tunda, nyama ya ndani inavimba, lakini ganda halifuati. Ndipo linapasuka. Usiku inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu majani hayapotezi maji kama mchana kwenye jua. Ndiyo maana mkulima anaona hasara asubuhi. Vile vile, maji ya mvua yanayokaa juu ya tunda yanaingia kidogo kidogo, zaidi pale kwenye kikonyo, mahali tunda linaposhikwa na mti.

Kuna mipasuko ya aina mbili. Wa kwanza unaanza kwenye kikonyo na kushuka chini kama mkato wa kisu. Huo ni wa hatari, unaingia ndani na kuleta uozo haraka. Wa pili unazunguka mabega ya tunda kama pete. Mara mingi si wa kina, na ukikauka tunda bado linaliwa.

Jambo la kushika ni hili: kinachopasua tunda ni udongo kutoka ukavu na kuingia kwenye maji mengi kwa ghafula. Udongo uliokuwa na unyevu wa kiasi kila siku haupasui matunda sana hata mvua ikinyesha. Ndiyo sababu siku za hatari ni mbili: mvua za kwanza mwezi wa 10, kisha kila mara mvua inapopumzika siku kadhaa katikati ya sezoni na kurudi kwa nguvu.

Mambo ya kufanya bustanini

Kufunika udongo. Hii ndiyo kinga ya bei ndogo kupita zote. Nyasi kavu ao majani ya mpunga yanatandazwa chini ya miti ya nyanya, unene wa sentimita 5 mpaka 10, bila kugusa shina. Nyasi zisiwe na mbegu, la sivyo zitaota bustanini. Udongo uliofunikwa haukauki haraka jua likiwaka, na matope hayarukii majani mvua ikinyesha.

Kumwagilia hata katika sezoni ya mvua. Wengi wanaacha ndoo mara mvua zinapoanza. Hapo ndipo kosa liko. Mvua ikikosa siku 2 ao 3, mkulima aingize kidole katika udongo. Kama ni mkavu mpaka sentimita 5 chini, amwagilie kidogo, asubuhi, kwenye mizizi wala si juu ya majani.

Kuinua tuta. Tuta la sentimita 20 mpaka 30, lenye mifereji pande zote, linapitisha maji ya ziada. Hii ni ya lazima zaidi kwa bustani za mabonde na za karibu na mto, ambako maji yanasimama.

Kutopita kiasi na mbolea. Irea nyingi ao samadi mbichi nyingi zinafanya mti ukue haraka na tunda livimbe haraka, ganda likibaki laini. Samadi iliyooza vizuri, ikiwekwa mbele ya kupanda, inasaidia udongo kushika maji.

Kuacha majani. Kuondoa majani ya chini yanayogusa udongo ni vizuri. Lakini kunyoa mti mpaka matunda yabaki wazi si vizuri: jua linagonga ganda na kulikausha, na majani yanayotumia maji yanakuwa machache.

Kuchagua mbegu. Nyanya kubwa za mviringo zenye ganda laini zinapasuka kwa urahisi. Zile ndefu kidogo, zenye nyama ngumu, kama Roma, zinavumilia zaidi. Ngambo ya ziwa, Tanzania, wakulima wanajua sana Tengeru 97, mbegu iliyotolewa Arusha mwaka 1997, inayosifiwa kwa ganda gumu na kukaa siku nyingi baada ya kuchumwa. Hakuna mbegu isiyopasuka kabisa, lakini tofauti inaonekana.

Kujenga paa. Mwenye uwezo anaweza kusimamisha miti ao mianzi na kutandika juu plastiki inayopitisha mwanga, pande zikibaki wazi ili hewa ipite. Bashi nzito ya rangi haifai, inafunga mwanga. Na paa lifungwe sana, kwa sababu upepo wa ziwani unaling'oa bila shida.

Kuchuma mbele ya wakati

Kwa asiyekuwa na feza ya plastiki, kinga ya nguvu zaidi ni kutongoja tunda liwe jekundu mtini. Nyanya ikishakomaa, inaendelea kuiva hata ikiwa imechumwa.

Alama ya kuangalia ni upande wa chini wa tunda. Rangi ya kijani inapoanza kugeuka kuwa ya manjano ao waridi, hata kidogo tu, tunda liko tayari. Likiwekwa ndani ya nyumba, mahali pa kivuli penye hewa, linakuwa jekundu katika siku chache mpaka wiki moja hivi. Si lazima jua. Jua kali linalichemsha na kulilainisha. Zisifungwe ndani ya sashe ya plastiki, na zisirundikwe tabaka nyingi.

Kama mvua kubwa inakuja na mkulima hana hakika na zile za kijani, akate moja kwa kisu kikali. Kama mbegu zinateleza ndani ya ute na kisu hakizikati, nyanya za umri huo zimekomaa na zitaiva. Kama kisu kinakata mbegu, zingali changa, ziachwe mtini.

Wengine wanaogopa kwamba nyanya iliyochumwa hivyo haina ladha. Tofauti ipo kidogo, lakini mnunuzi atachagua nyanya nzima mbele ya ile iliyopasuka na kuingiwa na inzi. Tena inasafiri vizuri zaidi, kwa mtumbwi, kwa pikipiki ao kwa treni.

Zilizokwisha kupasuka

Zichumwe siku ile ile, kwa sababu ufa ni mlango wa uozo na wadudu. Zitengwe katika basina yake. Zenye ufa mdogo mkavu, bila harufu wala ukungu, zinaweza kuuzishwa kwa bei ndogo kwa mama wanaopika chakula cha kuuza, ili zipikwe siku hiyo hiyo. Zenye ukungu ao harufu zifukiwe mbali na bustani.

Tusichanganye na magonjwa mengine

Doa jeusi lililozama kwenye kitako cha nyanya si mpasuko. Linatokea tunda linapokosa kalisi, mara mingi juu ya umwagiliaji usio wa kila mara. Kufunika udongo kunasaidia hapo pia. Madoa ya kahawia yanayosambaa haraka kwenye majani, shina na matunda siku za baridi na mvua ni alama ya ugonjwa wa ukungu, mildiyu. Huo unaweza kumaliza bustani nzima katika siku chache, na unahitaji ushauri wa mtaalamu wa kilimo wa teritware mbele ya kununua dawa yoyote.

Shida hii si ya Kalemie peke yake, wala si ya nyanya tu. Tini nazo zinapasuka mvua inapozikuta zikiiva. Marekani, wakulima wa tunda dogo linaloitwa cheri wanafikia kukodi helikopta ili upepo wake ukaushe matunda baada ya mvua. Mkulima wa pembeni ya Lukuga hana helikopta. Ana nyasi kavu, ndoo na kisu, na kazi yake inaanza wiki moja mbele ya mvua ya kwanza: kutandaza nyasi wakati udongo bado una unyevu wa kumwagilia, na kuchuma kila nyanya iliyoonyesha rangi.