Namba 26, Piazza di Spagna: Mpangaji Aliandika, Mama Mwenye Nyumba Hakuulizwa

Nyumba namba 26 ya Piazza di Spagna mjini Roma imesimama kuliani mwa ngazi zinazopanda hadi kanisa la Trinità dei Monti. Wenyeji huiita Casina Rossa. Ghorofa yake ya pili ni makumbusho ya washairi wa Kiingereza John Keats na Percy Bysshe Shelley. Ghorofa ya tatu ni fleti ya likizo yenye nafasi ya watu wanne, na madirisha yake yanatazama ngazi na umati wake. Ngazi hizo zilitimiza miaka 300 mwaka 2025, mwaka wa Jubilei, wakati Roma ikizozana na nyumba za kupangisha wageni. Zogo hilo si geni hapa. Nyumba hii inajulikana duniani kwa sababu ya mpangaji mmoja wa kigeni na deni lililobaki baada yake.

Ngazi nazo zilianza kwa ugomvi. Mlima ulikuwa na kanisa lililolelewa na Wafaransa, na uwanja wa chini ulikuwa na ubalozi wa Hispania. Mwanadiplomasia Mfaransa Étienne Gueffier aliacha wosia wa skudi 20,000 ili mteremko ule wa matope ujengewe ngazi. Mpwa wake akadai nusu ya fedha. Kadinali Mazarin naye alitaka sanamu ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa akiwa juu ya farasi isimamishwe katikati, jambo ambalo hakuna Papa angelivumilia katika mji wake. Kazi ikalala zaidi ya nusu karne. Hatimaye msanifu Francesco de Sanctis alianza kujenga mwaka 1723, na mwaka 1725 Papa Benedikto XIII akazizindua: vidaraja 135, bila mfalme wala farasi. De Sanctis alizipangia ngazi nyumba mbili zinazofanana, moja kila upande wa chini, na namba 26 ni mojawapo.

Mtaa ukawa wa wageni. Waingereza waliokuwa wakizuru Italia kwa miezi, wachoraji na wachongaji walipanga vyumba humo, wakanywa kahawa Caffè Greco, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1760 katika Via dei Condotti. Wenye nyumba walijua kupangisha kwa mwezi, samani zikiwemo, na chakula kikaletwa kutoka mgahawani.

Tarehe 15 Novemba 1820 wapangaji wawili vijana walifika kwa Anna Angeletti, aliyekuwa akipangisha vyumba vya ghorofa ya pili. Mmoja alikuwa Keats, mwenye umri wa miaka 25, aliyetumwa kusini na waganga akaepuke baridi ya London. Mwingine alikuwa rafiki yake, mchoraji Joseph Severn. Karibu yote yanayosimuliwa kuhusu miezi mitatu iliyofuata yametoka kwa Severn, katika barua za wakati ule na kumbukumbu alizoandika uzeeni. Humo ndimo tunamosoma kwamba Keats, alipochoshwa na chakula kibovu, alikimwaga dirishani sahani kwa sahani, na kwamba tangu siku hiyo mgahawa ulileta chakula kizuri. Humo pia tunasoma habari za piano ya kukodi ambayo Severn alimpigia mgonjwa muziki wa Haydn.

Daktari James Clark, Mskoti aliyekaa ng'ambo ya uwanja, mwanzoni alidhani maradhi yako tumboni. Alimtoa mgonjwa damu na kumpunguzia chakula hadi akalalamika kwa njaa. Ulikuwa ni ugonjwa wa kifua kikuu. Hapo ndipo Severn na mama mwenye nyumba walipoanza kutoelewana.

Sheria ya dola ya Papa ilihesabu kifua kikuu kuwa ugonjwa wa kuambukiza. Mgonjwa aliporipotiwa na kufa, kila kitu cha chumba alichokaa kilipaswa kuchomwa moto, hata karatasi za ukutani. Angeletti aliripoti polisi, kama sheria ilivyomtaka. Severn alighadhibika, na katika barua akamwita kwa jina la dharau. Alikadiria kuwa samani za sebule pekee zilikuwa na thamani ya pauni 150 hivi, fedha ambazo hakuwa nazo. Kwa hiyo, alipomhamishia Keats sebuleni ili abadilishe hewa, aliziba mlango ili mwenye nyumba asijue kwamba mgonjwa amelala humo.

Keats alifariki tarehe 23 Februari 1821. Uchunguzi wa maiti ulionyesha mapafu yaliyoharibika karibu yote. Wenye mamlaka wakaja: samani zikachomwa, kuta zikakwanguliwa, na madirisha, milango na sakafu vikawekwa vipya. Severn aliuona ule kuwa ukatili wa Waitaliano. Kwa kumbukumbu yake mwenyewe, Angeletti alimwandalia meza iliyojaa sahani na vikombe vilivyovunjika, akitaka alipwe. Severn akainua fimbo na kuvivunja vilivyobaki. Anasema mama yule aliogopa, na madai ya vyombo yakaishia hapo.

Kisa hiki kimerudiwa katika vitabu vingi, na karibu kila mara Angeletti ni mchoyo asiye na huruma. Barua yake ya kujitetea haipo mezani mwa wasimulizi. Lakini tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kimelea cha kifua kikuu, na kwamba ugonjwa huo unaambukiza. Sheria ya Papa, iliyochekwa na waganga wa London kama ushirikina wa kusini, ilikuwa sahihi, na mwanamke aliyeishi kwa kodi ya vyumba alikuwa na haki ya kuhofia wapangaji waliofuata. Severn alirudi Roma kama konsuli wa Uingereza kuanzia mwaka 1861, akafa mwaka 1879, na amezikwa kando ya rafiki yake. Angeletti ametajwa tu katika madeni.

Nyumba iliendelea kupokea wageni. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Msweden Axel Munthe alitibu wagonjwa humo, na mwaka 1896 chumba cha chai cha Babington kikahamia nyumba pacha, ng'ambo ya ngazi. Mwaka 1903 Mmarekani Robert Underwood Johnson alianzisha harakati za kuinunua namba 26. Ilinunuliwa mwaka 1906 kwa michango, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1909 mbele ya Mfalme Vittorio Emanuele III. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vitu vyake vya thamani vilifichwa katika abasia ya Monte Cassino ndani ya masanduku mawili. Mtunza nyaraka wa abasia aliyachanganya na mizigo yake binafsi na kuyarudisha Roma mwaka 1943, miezi kadhaa kabla ya mabomu ya Februari 1944 kuibomoa abasia.

Siku hizi fleti ya ghorofa ya tatu hupangishwa kupitia Landmark Trust, shirika la hisani la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1965 na John Smith na mkewe Christian, ambalo huokoa majengo ya kale na kuyapangisha kwa likizo. Upangishaji wa aina hii unastahili kutetewa. Nje yake hali ni mbaya: kitovu cha Roma kinapoteza wakazi, na fleti zake zinageuzwa vitanda vya usiku mbili tatu. Tangu mwaka 2019 ni marufuku hata kuketi kwenye ngazi, kwa tishio la faini, hatua iliyowaudhi waliozoea kupumzika hapo.

Novemba 2024 wizara ya mambo ya ndani ya Italia iliagiza wapangishaji wawathibitishe wageni uso kwa uso badala ya kuwaachia funguo katika visanduku vya namba ya siri. Wajibu wa kupeleka majina ya wageni polisi ulikuwepo tayari, na muda wake wa kawaida ni saa 24 tangu mgeni afike.