Lau Liyongo Asingalisalitiwa: Mazingatio kwa Walimu wa Fasihi

Katika shule zetu za mpakani, tangu Masinya na Busia hadi Tororo, kisa cha Fumo Liyongo hupokewa na wanafunzi kana kwamba kilitokea juzi tu ng'ambo ya mto Sio. Mwalimu akifika mahali ambapo mwana anamchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni, darasa zima hunyamaza. Kisha mkono mmoja huinuka, na swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, je, yule mtoto angalikataa?" Wengi wetu hujibu kwa haraka kwamba hadithi ndivyo ilivyo, tukarudi kwenye vina na mizani. Makala haya yanakusudia kulipa swali hilo heshima yake, kwa sababu mwanafunzi anayeuliza hivyo ameuliza swali la historia, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Wako watakaosema kwamba historia haina "lau". Ni kweli kwamba yaliyopita hayabadiliki. Hata hivyo, mtu akitaka kujua ni nguzo ipi inayobeba paa, hana budi kuiondoa moja katika fikira zake na kutazama kama nyumba itasimama. Basi na tuuondoe usaliti wa mwana, tutazame kama Liyongo angalipona.

Yafaa kwanza tukumbushane kisa chenyewe. Utenzi tuusomao zaidi uliandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati nzuri na fundi wa kuchonga mbao. Abdilatif Abdalla aliuhariri ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1973, na tangu hapo umeingia madarasani mwetu. Lakini habari za Liyongo zilikuwapo midomoni mwa watu zamani sana kabla ya Kijumwa, na Edward Steere alikuwa amekwisha kuzichapisha kwa nathari katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Wataalamu wamehitilafiana kwa karne kadhaa juu ya wakati alioishi shujaa huyu. Wasichohitilafiana ni mahali: pwani ya kaskazini ya Kenya, kati ya Pate na mlango wa mto Tana.

Liyongo alikuwa shujaa, mpiga upinde na malenga. Mfalme wa Pate, jamaa yake wa damu, alimwogopa. Wagalla, ambao siku hizi twawaita Waoromo, walipomwona walistaajabu wakataka mbegu yake, akaozwa binti wao akazaa naye mtoto wa kiume. Baadaye mfalme akataka kumwua. Aliposhindwa kwa njia nyingine alimrubuni kijana huyo kwa ahadi ya cheo na ndoa, ili aulize ni kitu gani kimuuacho baba yake. Liyongo akasema, kijana akapewa sindano, akamchoma usingizini. Liyongo aliamka, akatwaa upinde wake, akapiga goti karibu na kisima na kutia mshale, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wakamdhani yu hai, wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa, hata mama yake akaja kumbembeleza kwa mashairi. Mwishowe mwili ulianguka, nao wakajua.

Sasa tuseme kijana alikataa. Tuseme alirudi kwa mfalme akamwambia, "Huyo ni baba yangu." Je, ingalikuwaje?

Jibu la kwanza limo ndani ya utenzi wenyewe, nalo tunalipita bila kulitazama. Mwana hakuwa mtu wa kwanza kutumwa. Kabla yake mfalme aliwaahidi fedha Wasanye na Wadahalo, watu wa msituni, wamwue Liyongo kwa hila. Walijifanya rafiki zake wakala naye kikoa, kila mmoja akipata zamu ya kupanda mkoma na kuangusha matunda. Shauri lao lilikuwa kumpiga mishale zamu yake itakapofika naye yuko juu ya mti. Liyongo akatambua, akayaangusha makoma kwa mishale yake akiwa chini. Hila ya pili ilikuwa gereza na hukumu ya kifo. Nalo lilivunjika, kwa njia tutakayoieleza mbele. Sindano ya shaba ilikuwa hila ya tatu.

Kwa hiyo mwana angalikataa, mfalme angalitafuta mtu wa nne. Aliyewanunua watu wa msituni na kumnunua mtoto asingalishindwa kumnunua mpishi, rafiki au mke. Usaliti wa mwana ndio uliofanikiwa, lakini haukuwa chanzo. Chanzo ni ile hofu ya mfalme juu ya kiti chake. Baadhi ya masimulizi humfanya mfalme kuwa ndugu wa Liyongo, mengine humfanya binamu, na wako wachunguzi walioona hapa mgongano wa sheria mbili za urithi: ile ya zamani iliyofuata upande wa mama, na ile iliyokuja na Uislamu iliyofuata upande wa baba. Nchi ikiwa na sheria mbili za urithi, kila mrithi huwa mnyang'anyi machoni pa mwenzake.

Tukiendelea kuwaza, twaona njia mbili zilizobaki kwa Liyongo. Ya kwanza ni kwamba angaliishi bara pamoja na wakwe zake mpaka uzee, akafa kitandani, na majirani wakamsahau baada ya vizazi viwili. Ya pili ni kwamba angaliuteka mji akawa mfalme. Hapo jina lake lingaliingia katika orodha ya watawala, kama yalivyo majina ya Wanabahani katika habari za Pate: fulani alitawala miaka kadha wa kadha, akafa, akafuata fulani. Orodha hizo twazihitaji, lakini hakuna anayezilia. Fauka ya hayo, katika njia zote mbili mji wa Pate usingalipata kiu. Kisima kile ni hukumu juu ya mji. Watu walioyajua mashauri ya mfalme wakanyamaza walilipa kwa makoo yao. Pasipo usaliti, hukumu hiyo isingalitolewa hadharani.

Hapa ndipo hapana budi niseme jambo linalotuhusu sisi wa mpakani. Mara nyingi katika darasa mwanafunzi hutoa maelezo yake mwenyewe ya kosa la kijana: "Mama yake alikuwa mgeni." Husema hivyo bila chuki, kama asemaye kwamba mvua hutoka mawinguni. Na mwalimu asipoangalia hulitia nguvu neno hilo kwa methali: kikulacho ki nguoni mwako.

Maelezo haya hayakuanzia pwani. Waluo husimulia habari za Luanda Magere wa uwanda wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki haikumpenya. Maadui zake Wanandi walimwoza binti yao. Siku alipougua, binti akagundua kwamba nguvu zake zimo katika kivuli, akatoroka akawaambia watu wake, na vita vilivyofuata wakakichoma kivuli chake. Wakristo nao wanaye Samsoni na Delila katika Kitabu cha Waamuzi. Katika visa vyote hivi siri hutoka kwa mtu mwenye nyumba mbili. Lakini tumwulize Mnandi habari za binti yule: kwao hakusaliti mtu, bali aliwaokoa ndugu zake wasiuawe. Neno "msaliti" hutegemea umesimama upande gani wa mto.

Katika Masinya, na katika wilaya nzima ya Busia iliyotengwa na Tororo mwaka 1997, watoto wa nyumba mbili ndio wengi. Wasamia wako Uganda na wako Kenya. Waiteso vivyo hivyo. Mtoto analala kwa baba upande huu, na sikukuu anakwenda kwa wajomba upande ule. Tukimfundisha kwamba mwana wa Liyongo alisaliti kwa kuwa damu yake ilichanganyika, tumemfundisha mtoto huyo kujishuku.

Tena mpaka wenyewe una historia yake ya ahadi zilizouzwa, nayo inagusa nchi ile ile ya Liyongo. Usultani wa Witu, ulio karibu na mlango wa Tana, uliwekwa chini ya ulinzi wa Wajerumani mwaka 1885. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza walitia sahihi mkataba uliouachia Witu kwa Waingereza. Sultani wake wakati huo, Fumo Bakari, hakuwa mezani. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, askari wa Kiingereza waliuteketeza mji wake. Mkataba uo huo ndio ulioiweka Uganda katika eneo la Waingereza. Mwaka 1902 sehemu ya mashariki ya Uganda ikahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, na mpaka ukawakata Wasamia vipande viwili. Kijumwa alipouandika utenzi wake mwaka 1913, alikuwa mtu mzima aliyeyaona mambo ya Witu yakitokea jirani na kwao. Sidai kwamba alimwandikia Fumo mmoja akimkusudia mwingine. Nasema tu kwamba wasikilizaji wake wa Lamu hawakuhitaji kufundishwa jinsi mwenye nguvu anavyowauza walio chini yake.

Je, basi mwana hana hatia? La hasha. Aliulizwa auze, akauza, na hakuna masimulizi yanayompa ule ufalme alioahidiwa. Kama tungalikuwa na habari za mwana tu, tungaliweza kumtetea kwa kusema kwamba kila aliye katikati ya nyumba mbili hana njia nyingine. Lakini utenzi umetuwekea shahidi dhidi ya utetezi huo. Naye ni Saada.

Saada ni kijakazi wa mama yake Liyongo. Ndiye aliyepeleka chakula gerezani kila siku. Askari walikinyang'anya kila kilicho kizuri. Liyongo akamtuma Saada kwa maneno ya mafumbo ya shairi, amwambie mama yake atie tupa ndani ya mkate wa makapi. Mama akafanya hivyo. Askari walikula vyakula vizuri wakayadharau yale makapi, wakamwachia mfungwa. Kisha ikapigwa ngoma ya gungu, matari na matoazi yakaifunika sauti ya tupa ikikata minyororo, na Liyongo akatoka.

Tuitazame hali ya Saada. Alipita kila siku kati ya nyumba mbili, ile ya mama na ile ya gereza. Hakuwa na cheo, hakuwa na urithi, wala hakuwa huru. Siri aliyoichukua ilikuwa na thamani kubwa kwa mfalme kuliko siri yoyote katika mji. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwana wa shujaa aliahidiwa makubwa, akasema. Kijakazi huyu aliweza kujipatia uhuru wake kwa neno moja tu langoni mwa gereza, asiseme.

Kwa hiyo swali la mwanafunzi wetu limekwisha kujibiwa na Kijumwa. Tukitaka kuuona utenzi usio na usaliti, tusome sehemu ya gereza. Mtu wa katikati akiwa mwaminifu, minyororo hukatika. Lakini jibu hilo lina mpaka wake pia. Uaminifu wa Saada ulimtoa Liyongo gerezani, haukumwondoa mfalme kitini. Uaminifu wa mwana nao ungalimwongezea baba yake miaka, bila kuiondoa hofu iliyowatuma wauaji. Katika mitihani tunauliza mno juu ya mwana, kidogo sana juu ya mfalme, na juu ya Saada karibu hatuulizi kabisa.

Napendekeza kwa walimu wenzangu mazoezi matatu. Kwanza, wanafunzi waandike mazungumzo ya mwana na mama yake wa Kigalla usiku ule kabla ya kwenda kwa baba. Pili, wafanye baraza la hukumu, mfalme akiwa mshtakiwa wa kwanza, mwana wa pili, na watu wa mji wa tatu. Tatu, baraza hilo limwite Saada atoe ushahidi wake. Kiswahili kimetangazwa kuwa somo la lazima katika shule za Uganda tangu mwaka 2022, na watoto wengi zaidi watakutana na Liyongo kwa mara ya kwanza. Mikono itainuka na swali litaulizwa. Yule mtoto wa nyumba mbili aliyekaa nyuma ya darasa atakuwa anasikiliza jibu kuliko wote, naye anastahili kutajiwa jina la Saada.