Mikono ya Sabaya

Ewe msomaji, ikiwa kwenu ni Osiri, upande wa Migori, ambako watu huchimba ardhi kwa tamaa ya dhahabu, huenda baridi uijuayo ni ile ya alfajiri ya mvua, ipitayo mara jua lichomozapo. Tamaa ya namna hiyo hiyo iliwahi kuwapeleka watu wa Machame penye baridi isiyopita.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake alimwambia kwamba ni "baridi" tu. Jibu hilo lilikuwa na akili kuliko maneno ya Desborough Cooley, bwana aliyekaa kitini London akikana kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Wachaga walikwisha kuijua. Masimulizi yaliyoandikwa na wamisionari wa siku zile yasema kwamba Mangi Rengua wa Machame alituma kundi la watu wapande mlimani, wakatazame kama weupe ule ni fedha. Akarudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi kwa maisha yake yote.

Jiulize basi: kwa nini mikono na miguu, wala si moyo au ini?

Mwili wataka ndani yake kuwe na joto la digrii 37 hivi. Ngozi ipatapo baridi, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo huamuru mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ijibane. Damu yenye joto huondolewa pembeni, ikabaki kuzunguka moyo, mapafu na ubongo. (Katika miaka ya 1850 Claude Bernard wa Ufaransa alikata mshipa wa fahamu shingoni mwa sungura, na sikio la upande ule likapata joto, ndivyo amri hiyo ilivyogunduliwa.) Kisha misuli hutetemeka. Usidhani huo ni udhaifu. Ni kazi, tena kazi kubwa, iwezayo kuzidisha joto mara mbili hata mara tano kuliko la mtu aliyepumzika. Nayo yala chakula kingi, hata mwenye njaa huchoka upesi. Joto la ndani likishuka chini ya digrii 35, hatari imeingia: akili hufifia, na likizidi kushuka, hata kutetemeka hukoma.

Yaelekea wenzake Sabaya walifikia hapo. Vidole vyake, vilivyonyimwa damu, viliganda, nyama ikafa. Lakini joto lililoondolewa huko liliutunza moyo wake njia nzima, hata akafika tena migombani.