Hofu ya mlangoni: kabla hujaruka na mwavuli



Siku hizi vijana wetu hawaendi Diani kuogelea tu. Wanapanda kindege, wanafungwa mikanda kifuani kwa mkufunzi, wanapandishwa futi 10,000 hivi, mlango unafunguliwa... halafu wanatoka! Wenyewe wanaita tandemu, yaani watu wawili, mwavuli mmoja. Na karibu kila anayejiandaa kwa safari hiyo ana swali lile lile: "Hivi hofu naiondoaje?"

Jibu analopewa na washikaji ni moja: "Usiogope bwana, ni kitu cha kawaida." Mimi nasema jibu hilo halimsaidii, na historia ya mwavuli inanishuhudia. Miaka zaidi ya 200 watu wanaruka, na bado hakuna aliyeweza kuifuta hofu. Kilichobadilika ni kitu kingine kabisa, na ndicho nataka tukitazame leo. Nitaanzia hapa hapa Morogoro, kwa sababu mji kasoro bahari unahusika na habari hii kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza tujue tunaongelea urefu gani. Mji wetu upo kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, kile chenye minara ya mawasiliano tunachokitazama kila siku, kina takriban mita 2,100. Kwa hiyo kutoka mjini hadi kule juu ni kama mita 1,600. Futi 10,000 ni mita 3,000 na ushee. Chukua Bondwa nzima kuanzia mjini, iongezee Bondwa ya pili juu yake, punguza kidogo. Hapo ndipo mlango unafunguliwa. Mwenye akili timamu lazima tumbo limcheze!

Sasa turudi nyuma mpaka mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza imefika kwetu. Majeshi ya Jenerali Jan Smuts yanashuka kutoka kaskazini, Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck wanarudi nyuma. Tarehe 26 Agosti 1916 jeshi la Smuts linaingia Morogoro. Lettow-Vorbeck hakamatwi, anaizunguka milima ya Uluguru na kuelekea kusini, upande wa Kisaki.

Upande wa Waingereza kulikuwa na kikosi cha ndege namba 26, chenye Waafrika Kusini wengi, kilichotua Mombasa mapema mwaka huo. Ndege zao aina ya BE2c zilikuwa za mbao na vitambaa, injini yake unaweza kuiombea dua. Mmoja wa waliopanda kama mtazamaji wa ardhi alikuwa Leo Walmsley, kijana wa Yorkshire, ambaye mwaka 1920 alichapa kitabu kuhusu urukaji wake Afrika Mashariki. Huyu bwana alianguka na ndege mara nyingi na akapona.

Sasa sikilizeni. Marubani hao hawakuwa na miavuli. Hata mmoja! Si kwamba ilikuwa haijavumbuliwa. Mfaransa André-Jacques Garnerin aliruka kutoka kwenye puto jijini Paris tarehe 22 Oktoba 1797, akayumbishwa kama pendulamu mpaka chini, akafika hai. Mkewe, Jeanne Labrosse, naye akaruka mwaka 1799. Na vitani kwenyewe, wanajeshi wa Uingereza waliokuwa kwenye maputo ya upelelezi walipewa miavuli. Ila rubani wa ndege hakupewa mpaka vita inaisha. Wajerumani walianza kuwapa marubani wao mwaka 1918.

Sababu zilikuwepo: mwavuli wa wakati ule ulikuwa mzito, mkubwa, na unaweza kunasa kwenye mkia wa ndege. Lakini inasimuliwa pia kwamba baadhi ya wakubwa waliogopa rubani mwenye mwavuli ataitelekeza ndege mapema. Kama ni kweli, basi hofu ya rubani ilihesabiwa kuwa kosa la nidhamu, na dawa yake ikawa kumnyima njia ya kutokea. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza katika historia yetu: mwenye hofu anaambiwa akaze roho, basi.

Hatua ya pili ilikuja kwa jaribio. Enzi hizo watu wengi waliamini kwamba binadamu akianguka hewani bila mwavuli kufunguka papo hapo, atazimia, na akizimia hawezi kuvuta kamba. Tarehe 28 Aprili 1919, Mmarekani Leslie Irvin akaruka kutoka kwenye ndege, akaanguka kwanza, kisha akavuta kamba kwa mkono wake mwenyewe. Hakuzimia. Alipotua akavunjika kifundo cha mguu, lakini habari ikawa imeshatoka: kichwa kinafanya kazi kule juu! Hofu iliyokuwa imekaa kwenye vichwa vya watu kwa miaka iliondolewa na mtu mmoja aliyetoa jibu la swali. Hakuna aliyesema "usiogope."

Hatua ya tatu ni ya majeshi. Agosti 1940, kule Fort Benning, Marekani, kikosi kidogo cha majaribio kilijiandaa kuruka kwa mara ya kwanza. Luteni William Ryder alitangulia. Askari aliyebahatika kwenye kura kuwa wa kwanza baada yake alifika mlangoni akaganda. Akapewa nafasi nyingine, akaganda tena. Wa nyuma yake akaruka. Huyu aliyeganda hakuwa mwoga, maana alijitolea mwenyewe kuingia kikosi kile. Hofu ilimkuta tu mahali ambapo hakukuwa tena na la kufanya isipokuwa kuruka au kukaa.

Kikosi hicho hicho kilikuwa na kijana mrefu, Aubrey Eberhardt. Inasimuliwa kwamba jioni kabla ya mruko wa kundi walitoka kuangalia sinema ya Geronimo, wenzake wakamtania kwamba kesho yake atasahau hata jina lake. Akawajibu kwamba atapaza sauti ya jina hilo akiwa hewani ili wajue akili yake ipo. Akafanya hivyo, na neno likabaki kuwa kelele ya waruka miavuli wa Marekani. Watu wanacheka hadithi hii, lakini mimi naiona ina busara. Jamaa hakujiambia kwamba hataogopa. Alijipa kazi ndogo ya kufanya wakati anaogopa.

Kwetu huku Afrika Mashariki na jirani, mwavuli ulikuja na sura ya vita. Novemba 24, 1964, makomando wa Ubelgiji walishuka Kisangani, wakati huo Stanleyville. Mei 19, 1978, wanajeshi wa Ufaransa walishuka Kolwezi, Katanga, na wengi wao walivalishwa miavuli ya Kimarekani ambayo hawakuwa wameizoea. Fikiria hilo: hujui hata mkanda unafungwa vipi, na chini kuna risasi. Na hapa mkoani kwetu kuna Ngerengere, kambi ya anga iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970. Makomando wa JWTZ wakishuka kwa miavuli kwenye sherehe za kitaifa, uwanja mzima unasimama kupiga makofi.

Tuwape heshima yao. Lakini tujue pia jeshi linamrushaje mtu. Kuna mazoezi mpaka mwili unatenda wenyewe, kuna amri, kuna mstari wa wenzako nyuma yako, na kuna aibu. Aibu ina nguvu sana mlangoni. Mwanajeshi anaihitaji, kwa sababu kazi yake haimruhusu kurudi. Wewe uliyelipa hela yako ya likizo huihitaji hata kidogo, na hili nitalirudia.

Miaka ya 1960 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Seymour Epstein na Walter Fenz, waliwapima waruka miavuli wanafunzi na wazoefu. Wakawauliza kiwango cha hofu katika hatua mbalimbali, wakapima na mapigo ya moyo ndani ya ndege. Kwa wanafunzi, moyo ulizidi kwenda mbio kadiri ndege inavyopanda, mpaka dakika ya kuruka. Kwa wazoefu ikawa kinyume na matarajio ya wengi: nao waliogopa! Ila hofu yao ilipanda mapema, asubuhi ya siku ile au mwanzoni mwa safari, halafu ikaanza kushuka. Walipofika mlangoni walikuwa wametulia.

Wadau, hapa ndipo penyewe. Mzoefu hajaiondoa hofu, ameihamisha. Ameiogopa kazi yake akiwa chini, mahali ambapo hofu ina faida, kwa sababu ukiwa chini unaweza kukagua mkanda, kuuliza, kutazama upepo, hata kuahirisha. Kwenye mlango hofu haina kazi tena. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na wala hawakuwa wanamcheka kunguru.

Ndiyo maana tandemu ni uvumbuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bill Booth na Ted Strong, wote wa Florida, walitengeneza mwavuli mkubwa wa kubeba watu wawili, pamoja na kijimwavuli kidogo kinachotangulizwa kupunguza kasi, maana wawili waliofungwa pamoja huanguka kasi kuliko mmoja. Mwaka 1984 mamlaka ya anga ya Marekani iliruhusu kama majaribio, na ikachukua miaka 17, hadi 2001, kuingizwa kwenye kanuni za kawaida. Mwaka 1991 kikaja kifaa cha Kijerumani kinachoitwa Cypres, kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe kama watu wamefika chini mno bado wanaanguka kwa kasi. Leo chama cha waruka miavuli cha Marekani kinakadiria kifo kimoja cha mwanafunzi katika miruko ya tandemu 500,000 hivi.

Mzee George H. W. Bush ni mfano mzuri. Tarehe 2 Septemba 1944, akiwa na miaka 20, ndege yake ilitunguliwa Pasifiki, akaruka peke yake, akajigonga kichwa kwenye mkia. Wenzake wawili walikufa. Juni 2014, akiwa na miaka 90 na miguu haimbebi tena, aliruka akiwa amefungwa kwa mkufunzi. Mruko wa kwanza alilazimishwa, wa mwisho aliuchagua mwenyewe.

Sisi jambo hili si geni kwetu. Mwali hatolewi nje bila kungwi. Kungwi hamwambii mwali kwamba hakuna la kuogopa. Anamweleza kinachokuja, hatua kwa hatua, tena mapema, kisha anakuwa naye. Mkufunzi wa tandemu ni kungwi wa angani. Anavuta kamba yeye, anaongoza yeye. Kazi yako ni chache: mikono kifuani, kichwa nyuma, magoti juu wakati wa kutua.

Kwa hiyo anayeniuliza afanye nini, namjibu hivi. Ogopa mapema. Siku moja kabla, kaa chini uandike kila unachokiogopa, kisha kipeleke kama swali: mwavuli wa akiba ulikunjwa lini na nani? Kifaa cha kufungua chenyewe kipo? Mkufunzi ana kibali gani, ameruka mara ngapi? Uzito wangu na afya yangu vinaruhusu? Kituo kinachokasirishwa na maswali hayo, kiage kwa adabu. Zile takwimu nilizotaja ni za nchi inayoweka kumbukumbu, na usalama wako unategemea kituo ulichosimama. Halafu ule chakula chepesi, ulale. Ndani ya ndege toa pumzi taratibu, na ujipe kazi ndogo kama yule Eberhardt, hata kama ni kutaja majina ya wadogo zako kwa zamu.

Na la mwisho, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: kabla ya kupanda, jiulize unaruka kwa ajili ya nani. Kama jibu ni marafiki walioshika kamera, au hela iliyokwishalipwa, hiyo ni aibu inakusukuma, na aibu si mwavuli. Yule askari aliyeganda mwaka 1940 alikuwa na jeshi zima nyuma yake. Wewe una haki ya kusema "leo hapana" na ukashuka na heshima yako yote.

Ukishajibiwa maswali yako, na moyo bado unadunda lakini miguu inakubali, basi nenda. Sisi tuliobaki tutakungoja chini, kama wahenga walivyoagiza. Nawasilisha.