Mitaro ya pamoja na upanuzi wa nyumba Dar es Salaam

Mtaro wa pamoja ni njia ya kuondoa maji inayotumiwa na nyumba mbili au zaidi. Inaweza kuwa mfereji wa wazi wa maji ya mvua unaopita uchochoroni, au bomba la majitaka lililofukiwa chini ya ua. Katika jiji la Dar es Salaam, zikiwemo wilaya za Kinondoni na Temeke, mitaro mingi ya aina hii hupita ndani ya viwanja vya watu bila kuonyeshwa kwenye ramani yoyote. Hivyo mtu anayeongeza vyumba anaweza kuziba maji ya majirani bila kukusudia.

Historia

Sehemu kubwa ya jiji ilijengwa kabla ya viwanja kupimwa. Katika miaka ya 1970 mradi wa viwanja na huduma, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuboresha makazi ya Manzese. Awamu ya pili ilifika Mtoni na Tandika, Temeke. Kwingineko wakazi walichimba mitaro wenyewe kwa kuelewana.

Mfano unaojulikana ni Hananasif, Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi. Katika miaka ya 1990 wakazi walishiriki kujenga mitaro ya mvua na njia za mtaa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

Mtandao wa mabomba ya majitaka wa DAWASA unahudumia sehemu ndogo ya wakazi. Wengi hutumia vyoo vya shimo au makaro. Huko Vingunguti, wilaya ya Ilala, baadhi ya nyumba ziliunganishwa na mabomba membamba ya pamoja yanayopita kati ya nyumba hadi kwenye mabwawa ya majitaka. Mtindo huo ulianzia Brazil katika miaka ya 1980.

Athari za upanuzi

Nyumba ya Kiswahili huwa na vyumba pande mbili za ukumbi, na nyuma yake kuna ua wenye choo na jiko. Vyumba vya kupangisha huongezwa uani, mahali hapohapo penye shimo, chemba na mtaro. Matokeo yake huwa haya:

* Msingi mpya hukata bomba au kulikandamiza, na maji hurudi kwenye nyumba zilizo juu.
* Chemba hufunikwa na sakafu, hivyo bomba likiziba haliwezi kuzibuliwa bila kuvunja.
* Gari la kunyonya majitaka au mkokoteni hukosa njia ya kufikia shimo.
* Paa jipya huongeza maji. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 50 hutoa takriban lita 500.

Wakati wa masika (Machi hadi Mei) mtaro ulioziba hufurika, na maji yake huchanganyika na kinyesi, hasa pale watu wanapotapisha vyoo. Hali hiyo hueneza kipindupindu. Mlipuko wa mwaka 2015 ulianzia Kinondoni mwezi Agosti.

Hatua za kupanga

Kabla ya kuchimba msingi, njia ya maji hutafutwa kwa kufungua chemba zote na kumwaga maji yenye rangi katika choo au bafu la kila nyumba, kisha kuangalia yanakotokea. Wazee wa mtaa na fundi aliyejenga awali mara nyingi hukumbuka bomba lilipopita.

Bomba likiwa chini ya eneo la ujenzi, njia bora ni kulihamisha lipite nje ya kuta. Bomba la inchi 4 hulazwa kwa mteremko wa takriban sentimita 1 kwa kila sentimita 40 hadi 60, na chemba huwekwa kila linapopinda au kuungana na jingine. Lisipoweza kuhamishwa, ukuta hujengwa juu ya boriti ya zege ili uzito usilielemee. Maji ya paa hayaelekezwi kwenye bomba la majitaka. Hukingwa kwenye tenki au kupelekwa kwenye mtaro wa mvua.

Sheria na migogoro

Upanuzi huhitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwenye ardhi kutumia ardhi ya jirani kwa jambo maalumu, na haki hiyo inaweza kusajiliwa. Hata hivyo makubaliano mengi hubaki ya mdomo, na hupotea nyumba inapouzwa au kurithiwa. Kwa sababu hiyo ni kawaida kuyaandika mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, pamoja na mchoro wa mtaro na jina la atakayelipia uzibuaji.

Mgogoro usipomalizwa mtaani, hupelekwa baraza la kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo hupatanisha tu bila kutoa hukumu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tazama pia

* Mto Msimbazi
* DAWASA
* Kipindupindu