Kukosa hedhi: Si kila mara ni ujauzito

MSICHANA anapokosa hedhi, wengi wa jamaa zake huwaza jambo moja tu: amepata ujauzito. Katika mitaa ya Unguja kama Mlandege, ambako maduka na nyumba zimebanana na habari haichelewi kuvuka barabara, dhana hiyo yaweza kumvunjia heshima kabla hajapimwa.

Woga huo una historia. Chini ya sheria ya Zanzibar ya mwaka 1985, mwanamke asiye na mume aliweza kufungwa jela kwa kupata ujauzito, hadi sheria mpya ya mwaka 2005 ilipoondoa kifungo hicho. Minong'ono, hata hivyo, haifutwi na sheria, na si ajabu msichana akaona heri anyamaze.

Ilhali miongoni mwa sababu za hedhi kukatika ni kupungua uzito na msongo wa mawazo.

Mwili hupima akiba yake

Hedhi huanzia kwenye ubongo. Sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari, nayo tezi hiyo huziamuru ovari kupevusha yai na kutengeneza estrojeni. Amri ikikatika huko juu, hedhi husimama hata kama ovari na mfuko wa uzazi ni vizima.

Ubongo hupata taarifa za akiba ya mwili kupitia leptini, homoni itokayo kwenye mafuta. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo huahirisha shughuli ya uzazi. Msongo wa mawazo nao hupandisha homoni ya kortisoli, ambayo huzuia mawasiliano hayo hayo. Aghalabu mambo mawili haya hufuatana, kwani mwenye majonzi hukosa usingizi na pia hamu ya kula.

Wakati wa njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944-45, wanawake wengi walikosa hedhi, na iliwarejea baada ya chakula kupatikana. Kwa upande wa Afrika Mashariki, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wasichana wakimbiaji wa Kenya ulionyesha kuwa wamo katika hatari ya upungufu wa nguvu mwilini na mvurugiko wa hedhi.

Si lazima mtu awe amekonda. Aliyepungua uzito kwa haraka, au anayefanya mazoezi mengi kuliko chakula anachokula, naye yaweza kumpata.

Madhara

Estrojeni ndiyo inayolinda mifupa, na sehemu kubwa ya uimara wa mifupa hujengwa katika ujana. Msichana anayekosa hedhi kwa muda mrefu hupoteza akiba hiyo, akawa rahisi kuvunjika baadaye.

Mwanamke aliyeolewa huchelewa kushika mimba. Hata hivyo, kukosa hedhi si kinga ya mimba, kwani yai huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurejea.

Suala hili hugusa pia eda. Mtalaka apataye hedhi huhesabu eda kwa mizunguko yake mitatu, na aliyekoma hedhi kwa umri huhesabu miezi mitatu. Talaka yenyewe ni msongo unaoweza kuisimamisha hedhi, na hapo hesabu huingia utata. Daktari ndiye wa kueleza sababu, na kadhi ndiye wa kutoa hukumu.

Wakati wa kumwona daktari

Aliyekuwa akipata hedhi kwa mpangilio, kisha akaikosa miezi mitatu mfululizo, anapaswa kupimwa. Vivyo hivyo msichana aliyetimiza miaka 15 bila kuvunja ungo.

Kipimo cha kwanza ni cha ujauzito. Kisha daktari huchunguza tezi ya thairoidi, homoni ya prolaktini na ovari, na huuliza kama mgonjwa anatumia sindano za uzazi wa mpango, ambazo nazo husimamisha hedhi. Uzito unaopungua bila kukusudiwa waweza kutokana na kifua kikuu, kisukari au Virusi vya Ukimwi.

Aliyekosa hedhi akapata maumivu makali chini ya tumbo pamoja na kizunguzungu au kuzirai, apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Tiba

Ikithibitika kuwa chanzo ni uzito na msongo, tiba yake ni kula vya kutosha, kupunguza mazoezi, kulala na kupata ushauri nasaha. Vidonge vya uzazi wa mpango huleta damu kila mwezi, lakini damu hiyo si dalili ya kupona. Huficha tu tatizo.

Wali, muhogo, maharage, dagaa, samaki na maziwa hutosha kuurudishia mwili akiba yake. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga asiache kula daku. Hedhi huweza kuchukua miezi kadhaa kurejea, hivyo subira huhitajika.

Kwa mama, shangazi au somo anayegundua kuwa mwali wake hapati siku zake, kumpeleka kupimwa ni bora kuliko kumshuku. Na maswali mawili yasisahauliwe: anakula nini, na kitu gani kinamkosesha usingizi?